Mpangaji wa bondeni apande wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Nina swali ambalo nililipeleka kwa mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la mtaa, akaniambia ni la ofisi za juu. Nilipofika huko juu nikaambiwa mambo ya mtaa humalizwa na mwenyekiti. Swali lenyewe ni hili: sisi tunaopanga vyumba katika mabonde ya Kampala, mboga na miti tunaruhusiwa kupanda wapi?

Mimi ni fundi cherehani wa Bwaise, na watoto wangu wote nimewalea hapa. Nilikulia kambi ya jeshi ya Bombo, baba akiwa askari, na ndiyo sababu Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Nyuma ya nyumba mama alikuwa na kipande chake cha ardhi, na wake wa maaskari wenzake vilevile. Kulikuwa na bamia, mlenda tunaouita mulukhia, mchicha, pilipili na mpapai mmoja au miwili. Mwanamke wa kambini kwenda sokoni kununua mboga za majani lilikuwa jambo la kushangaza. Nyumba zile zilikuwa za serikali, hakuna aliyekuwa na hati, na bado kila familia ilijua udongo wake unaanzia wapi na kuishia wapi. Nalisema hili mapema kwa sababu nimezoea kusikia kwamba bila kumiliki ardhi huwezi kuwa na bustani.

Sheria ninaifahamu kiasi. Tangu mwaka 2006 Kampala ina sheria zake ndogo za kilimo cha mjini, na zilikuwa hatua kubwa, maana kabla ya hapo aliyelima mjini alihesabiwa mkosaji na mahindi yake yakafyekwa. Sheria hizo zinamruhusu mkazi kulima kwa kibali, halafu zinataja mahali pasipolimwa: hifadhi ya barabara, ardhioevu, bustani za umma, ardhi iliyowahi kuwa dampo, na kandokando ya mitaro ya wazi.

Makatazo hayo nayaunga mkono kwa moyo wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichukua udongo na mboga kandokando ya barabara za Kampala wakavipima, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo wa 2006. Walikuta madini ya risasi yakiwa mengi karibu na lami na kupungua kadiri unavyosogea mbali, wakashauri mboga za majani zisipandwe ndani ya mita 30 kutoka barabarani. Kuosha majani kulipunguza risasi iliyotua juu yake pamoja na vumbi, lakini ile iliyopanda kutoka kwenye udongo haioshwi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto anayekua, na mara nyingi mtoto haonyeshi dalili mpaka pale anapoanza kushindwa darasani. Na mtaro wa Nakivubo, unaokata katikati ya jiji na kumwaga maji yake kwenye kinamasi kabla ya kuingia Ziwa Victoria, unabeba maji ya vyoo, ya gereji na ya viwanda. Majimbi na miwa hunenepa pale kuliko mahali pengine popote mjini. Yanavunwa, yanaoshwa, yanapangwa sokoni, na fungu la majimbi halina alama ya kumwambia mnunuzi lilikotoka. Anayeyala ni mtu wa kipato changu, kwa sababu ndiyo ya bei nafuu.

Kwa hiyo wapo wanaolima mtaroni, na wanafanya kosa, na kosa hilo linaingia kwenye sufuria zetu. Lakini chukua ramani ya Bwaise. Ondoa hifadhi za barabara. Ondoa mitaro ya Nsooba na Nakamiro pamoja na kingo zake. Ondoa kinamasi cha Lubigi. Kinachobaki ni vyumba, maduka, na vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Sheria imetuambia pasipolimwa. Panapolimwa hapana aliyetuonyesha.

Ploti ninayokaa ina safu mbili za mizigo, yaani vyumba vya kupanga, zikitazamana, na katikati palikuwa na uwanja mdogo wenye mfenesi. Mti ule ulikuwa mkubwa kuliko nyumba zote. Chini yake niliweka cherehani mchana, majirani walimenyea matoke hapo, watoto wakirudi shule walikaa hapo na madaftari. Ukutani nilipanga magunia yangu ya udongo niliyopanda mboga za majani: sukuma, nakati na dodo. Kisha mwenye nyumba akaleta mafundi. Mti ukakatwa, uwanja ukamwagiwa zege, vyumba vipya vikasimama palipokuwa na kivuli, na magunia nikaambiwa niyatoe yasichafue saruji. Mwenye nyumba si mtu mbaya. Ana watoto wanaosoma, na chumba kinaleta pesa kila mwezi ilhali mfenesi hauleti hata shilingi mkononi mwake. Hesabu yake inaeleweka. Kasoro ni kwamba katika hesabu hiyo hakuna mahali popote ambapo sisi tuliokuwa chini ya mti tuliandikwa, na jiji lililompa ruhusa ya kujenga halikumtaka aache hata ukanda wa udongo.

Sasa mchana, mabati juu na saruji chini, chumba kinawaka. Cherehani nimeiingiza ndani, na saa nane sipigi pasi tena kwa sababu joto la pasi na la bati kwa pamoja halivumiliki. Mtoto mchanga wa jirani alijaa vipele vya joto shingo nzima. Na mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakizama uwanjani hayana pa kuzama, yanapita chini ya milango.

Hapo ndipo jambo hili linapotoka kwenye ploti moja na kuwa la jiji zima. Bwaise iko chini. Maji ya vilima vya Makerere, Mulago, Kyebando na Kawempe yanatelemka kwetu kabla ya kufika Lubigi, na kutoka Lubigi yanaingia mto Mayanja, kisha Kafu, yakielekea Nile. Zamani mafunjo ya Lubigi yaliyapokea na kuyatuliza. Kisha watu wakajenga, viwanda vikajenga, na barabara ya Northern Bypass, ambayo awamu yake ya kwanza ilikamilika mwaka 2009, nayo ikapita katika kinamasi hichohicho. Huku juu vilimani kila anayepata pesa anatandika pevas, vile vitofali vya uani, kuanzia getini hadi kibarazani. Uwanja wake unakuwa safi, matope hayaonekani. Maji aliyoyakataa yanakuja kwetu. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba mpaka Novemba, tunainua magodoro juu ya meza na kuketi tukisikiliza mtaro. Vyoo vyetu vimejengwa juu na vingazi vyake kwa sababu ukichimba chini unakutana na maji, na mafuriko yakija yaliyomo ndani hutoka na kuelea. Mwenye pevas hajui kwamba ametufanya chochote, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia.

Nina wateja Kololo, na nguo zikiwa tayari huwapelekea. Napita Kalerwe, Mulago, nashuka Kamwokya, halafu naanza kupanda. Anayeifahamu njia hiyo anajua mahali hewa inapobadilika. Kamwokya ni moshi wa mkaa, pikipiki, mabati. Hatua chache juu unaingia chini ya miti mikubwa iliyokutana juu ya barabara, ndege wanalia, ua wa michongoma umekatwa sawasawa, mtu anamwagilia majani yasiyoliwa. Chini kidogo ni uwanja wa gofu, kijani kitupu katikati ya jiji. Miti ile naipenda. Nikifika chini yake huwa nasimama kidogo nipumue, na nisingependa hata mmoja ukatwe. Ninachouliza ni kwa nini kijani cha Kampala kimekaa upande mmoja.

Historia ina jibu lake, na inafaa vijana wetu walijue. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Afrika Mashariki Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, apendekeze jinsi ya kupanga miji. Alishauri Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mitaa tofauti, na kati ya mitaa iachwe ardhi wazi yenye nyasi na miti, ili maradhi yasiwafikie Wazungu. Vilima vyenye hewa vikawa vya wakubwa. Waafrika wengi walikaa upande wa Mengo, uliokuwa na utawala wake wenyewe mpaka mwaka 1968 ulipounganishwa na Kampala. Kwa hiyo katika mji huu nyasi na miti zilipandwa tangu mwanzo ziwe mpaka. Rangi ya mtu haiulizwi tena getini, bei ya ardhi imechukua kazi hiyo, na mstari uko palepale: kijani juu, tope chini.

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 39, inasema kila raia wa Uganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Haisemi kila mwenye ploti. Ibara ya 237 inaiweka ardhioevu, mito na maziwa mikononi mwa serikali kama amana kwa ajili ya raia wote. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira iliwaondoa watu Lubigi na nyumba zikabomolewa, na mjadala ukawa mkali bungeni na mitaani. Mimi ninayekaa karibu na kinamasi kile nataka kilindwe kuliko wengi wanaokitazama kutoka mbali, maana kikifa, mimi ndiye wa kwanza kuzama. Lakini baadhi ya waliobomolewa ni wateja wangu. Walikuwa wakilima mboga, wakatuuzia. Leo wamepanga vyumba huku kwetu, watu wengi kwenye chumba kimoja, na jembe limesimama nyuma ya mlango. Ulinzi wa ardhioevu uliishia kwenye kumwondoa mtu. Hakuna aliyekuja siku iliyofuata kusema, mboga zako sasa utazipanda hapa.

Wapo wasomaji watakaouliza, si kuna bustani za magunia, mbona watu hawazitumii? Wengi tunazitumia, na nitaeleza jinsi zinavyofanya kazi kwa faida ya asiyejua. Unachukua gunia kubwa na mkebe uliotobolewa juu na chini. Mkebe unausimamisha katikati ya gunia, unaujaza kokoto, unazungushia udongo uliochanganywa na mbolea, kisha unauvuta mkebe juu na kurudia, mpaka gunia lijae huku likiwa na nguzo ya kokoto katikati kutoka chini hadi juu. Nguzo hiyo ndiyo inayopeleka maji hadi chini; bila hiyo maji hubaki juu, na miche ya chini hufa. Unatoboa gunia ubavuni kwa kupishanisha, unapandikiza sukuma na nakati kwenye matundu, na juu unaweka vitunguu au bilinganya. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanatosha siku nyingi. Dodo, ambayo nchi jirani wanaiita mchicha, ukipanda mbegu unaanza kuchuma baada ya wiki tatu au nne. Nakati inachukua muda zaidi, lakini ukiikata inachipua tena. Familia haishibi kwa gunia. Hata hivyo kile kifungu cha mboga ambacho ungekinunua kila jioni hukinunui, na fedha hiyo inanunua mukene, yaani dagaa, au mayai, na watoto wanakula vizuri zaidi ya jana.

Ugumu uko kwenye udongo wenyewe. Bwaise huwezi kuchota udongo chini ukautia guniani, kwa sababu mafuriko yameujaza uchafu wa kila aina. Inabidi ununue udongo mweusi unaoletwa kwa lori kutoka nje ya mji, na bei yake kwa mtu wa mzigo ni kubwa kuliko gunia, mbegu na kokoto kwa pamoja. Jambo hili mafunzo mengi ya bustani hulipitia haraka. KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ina kituo cha kilimo Kyanja, na nimeona kazi nzuri inayofanyika pale: miche, kuku, bustani za kusimama wima. Aliye na uwanja akienda Kyanja anarudi na ujuzi na miche. Mpangaji anarudi na ujuzi tu.

Na huku tukikosa udongo, jiji linazika udongo. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya matoke, ya viazi na mabaki ya chakula, vitu ambavyo vikiozeshwa vizuri vinageuka mbolea. Kwa miaka mingi, tangu 1996, vilipelekwa Kiteezi vikachanganywa na kavera, yaani mifuko ya plastiki, chupa na betri, vikalundikwa hadi pakawa mlima. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima ule uliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Waliokufa hawakuwa wameila ndizi iliyotoa ganda lile. Walikaa pale kwa sababu pale ndipo kodi ilipowawezesha. Sijaweza kulisahau jambo hilo, na naomba wanaopanga kutafuta dampo jipya wasilisahau. Maganda yakitengwa jikoni, kazi ambayo mama yeyote anaweza kuifanya kwa ndoo ya pili, nusu ya tatizo la udongo wetu na sehemu kubwa ya tatizo la dampo lao vingepungua pamoja.

Ninachoomba si kikubwa. Katika kila parokia ya mabondeni, nasema parokia ya kiserikali, si ya kanisa, kuna ardhi ya umma iliyo safi na iliyoinuka kidogo: viwanja vya shule za serikali, vituo vya afya, uwanja wa ofisi ya parokia. Kuna pia viwanja vya misikiti na makanisa, na wenyewe wakiombwa kwa heshima hawakatai. Kila uwanja utoe upande mmoja, upimwe udongo wake na watu wa Makerere au wa wizara ili tujue tunakula nini, uzungushiwe ua, na wapangaji wa karibu waandikishwe na kupewa barua yenye muhuri inayosema ukanda huu ni wako wa kupanda kwa muda huu. Barua ni muhimu. Mtu hapandi mti wa matunda mahali ambapo anaweza kufukuzwa kesho, anapanda dodo tu ili aivune kabla hajaambiwa aondoke. Kama tunataka maembe, mafenesi na parachichi Bwaise, na vivuli vyake, kwanza mpangaji awe na uhakika wa miaka kadhaa.

Kwa wenye nyumba, naomba kibali cha kujenga kiseme wazi ni sehemu gani ya ploti itabaki udongo, juu vilimani na chini mabondeni sawasawa, na mkaguzi akija aitazame sehemu hiyo kama anavyotazama choo. Mwenye mizigo anayeacha mti umesimama au ukanda wa bustani apunguziwe kodi ya majengo. Kwake mti utakuwa na bei, na hatahitaji kuhubiriwa. Mwenye pevas vilimani naye alipie maji anayoyatelemsha, au ang'oe sehemu na kuacha nyasi zinywe. Najua baadhi watasema huo ni wivu wa maskini. Wanaosema hivyo nawakaribisha Bwaise usiku wa mvua, walale kwetu.

Mafunzo ya Kyanja nayo yashuke hadi parokiani, kwa Luganda na kwa Kiswahili. Bwaise imejaa watu kutoka Nile Magharibi, Kongo na Sudan Kusini, wengi wao wanawake waliolima maisha yao yote kabla ya kufika mjini. Wanajua kuotesha. Baadhi wana mbegu za nyumbani kwao zimefungwa kwenye vitambaa, nimeziona kwa macho yangu walipokuja kushona.

Diwani wetu, na maofisa wa kilimo wa divisheni ya Kawempe, nawaomba wanijibu katika ukurasa huu huu. Wataje uwanja gani, upande gani, na barua ya ruhusa inaandikwa na nani. Wanawake walio tayari kujiandikisha wapo, majina tumeshayaanza kuyaandika kwenye daftari langu la vipimo, na mvua za Septemba zikianza tungependa miche iwe imeshatiwa ardhini.

Wako,
Fundi cherehani na mpangaji,
Bwaise, Kampala